Harry Carey, mkongwe wa sinema bubu aliyeletwa Afrika Mashariki

Harry Carey aliposhuka Mombasa mwaka 1929 alikuwa na miaka 51, umri ambao Hollywood humpa mtu nafasi ya baba mkwe, si ya shujaa. Mtoto huyu wa hakimu wa New York alikuwa ameshakula chumvi nyingi katika sinema bubu. Alifanya kazi na mwongozaji D. W. Griffith, kisha kuanzia 1917 akacheza filamu zaidi ya 20 za kauboi chini ya mwongozaji kijana John Ford, nyingi akiwa Cheyenne Harry, mhalifu mwenye roho nzuri. Wenzake walikodoa macho na kurusha mikono ili waeleweke bila sauti. Yeye alisimama tu, na watazamaji wakajua anawaza nini. Nyingi za filamu hizo zimepotea. Straight Shooting imebaki kwa sababu kopi yake ilikutwa Czechoslovakia.

Machi 1928 bwawa la St. Francis lilipasuka huko California, mafuriko yakalifagia duka lililokuwa kwenye shamba la Carey. Kampuni ya filamu ya MGM ilipomtaka aigize Horn, mfanyabiashara wa pembe za ndovu katika filamu ya Trader Horn, akafunga safari na mkewe, Olive, aliyepewa nafasi ya mmisionari.

Mwongozaji W. S. Van Dyke aliwazungusha Kenya, Tanganyika, Kongo na Uganda hadi Maporomoko ya Murchison. Filamu iliyoanza safari ikiwa bubu ikageuziwa njiani kuwa ya sauti, mitambo mizito ikaletwa porini, na bado sehemu nyingi zikarudiwa baadaye Marekani. Edwina Booth, mwigizaji wa kike, alirudi mgonjwa na akaishtaki kampuni.

Mutia Omoolu, aliyeigiza Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, alipelekwa Hollywood kukamilisha kazi. Filamu yenyewe inawatazama Waafrika kwa dharau ya kikoloni, hilo halifichiki. Lakini kati ya Omoolu na Carey pana utu ambao sehemu nyingine zote zinaukosa.

Trader Horn ilitoka 1931, ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Carey akapata maisha ya pili kwenye sinema ya sauti. Uteuzi wake mwenyewe wa Oscar ulitokana na Mr. Smith Goes to Washington ya 1939, ambamo anaongoza kikao cha Seneti, na muda mwingi kazi yake ni kukaa kitini akijizuia kutabasamu.