Njia za Masasi na Newala: Mguu, Kichwa na Baisikeli

Mtu atokaye Masasi kwenda Newala kwa baisikeli husafiri kiasi cha kilometa 70, na safari hiyo ina sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni nchi ya chini, yenye majabali makubwa yaliyosimama moja moja katikati ya mashamba. Huko gurudumu huenda vizuri. Ya pili ni kupanda ukingo wa uwanda wa Makonde, na hapo mwenye baisikeli hana budi kushuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili, akaisukuma. Akiisha kufika juu hukuta mchanga mwekundu, nao ni adui wa pili. Uwanda huo huanza kuinuka polepole upande wa pwani, nyuma ya Mikindani, ukazidi kuinuka kwenda magharibi hata karibu mita 900 juu ya bahari, kisha hukatika ghafula. Newala iko pale unapokatika. Asimamaye penye Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini ya miguu yake, na ng'ambo nchi ya Msumbiji.

Juu ya uwanda hakuna mto. Mvua hunyesha, lakini mchanga huinywa yote, nayo hutokea tena chini kabisa, katika chemchemi za mabonde. Mgeni huuliza kwa nini watu walichagua kukaa juu, mbali na maji. Jibu limo katika historia ya karne ya kumi na tisa, zama za biashara ya watumwa na mashambulio ya Wangoni. Kichaka cha uwanda kilikuwa kizito kuliko ukuta wa boma. Aliyejua vijia vyake alipita, asiyevijua alipotea. David Livingstone, aliyetoka Mikindani mwaka 1866 akifuata upande wa Ruvuma, ilimbidi kuwaajiri Wamakonde wamkatie njia ili ngamia wake wapate kupita. Basi watu walikubali kiu ili wapate usalama, na gharama ya mapatano hayo waliilipa wanawake, walioteremka ukingoni na mitungi na kupanda nayo vichwani. Wakati mwingine kazi hiyo ilimaliza nusu ya siku. Vitabu vya historia vimeitaja kwa uchache mno, ingawa pasipo kazi hiyo hapangekuwa na Newala.

Masasi ina asili nyingine. Mwezi wa Oktoba 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyefahamika kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri za Kiswahili, aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akashuka Lindi, akaenda kwa miguu kuelekea bara. Nia ilikuwa kuwarudisha watu hao karibu na nchi za kwao upande wa Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi njema yenye maji, wakaomba kukaa papo hapo. Mji ule, basi, ulianzishwa na watu waliokwisha kuijua njia kwa pande zote mbili: waliteremka wakiwa wamefungwa, wakapanda wakiwa huru. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, waliuvamia, wakaua na kuteka. Baadaye Chauncy Maples aliihamisha kazi ya misheni mpaka Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao, maana huko juu palikuwa salama zaidi. Kwa mara ya pili kiu ilichaguliwa badala ya hatari.

Katika miaka ile ile Ulaya ilikuwa ikitengeneza baisikeli. Ile yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa ilitoka Coventry mwaka 1885, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapewa hati ya tairi la kujazwa upepo. Mambo hayo yaonekana kuwa mbali na Newala, lakini hayakuwa mbali. Tairi lataka mpira, na mpira wakati ule ulitoka porini. Watu wa kusini waliugema katika mitambaa ya msituni, wakaufinyanga madonge, wakauchukua vichwani mpaka bandari za Lindi, Kilwa na Mikindani. Hivyo nchi ya kusini ilipeleka mpira ng'ambo miaka mingi kabla ya kuona gurudumu lililovikwa mpira likirudi.

Wadachi walipotawala walipanua baadhi ya njia na kujenga boma Newala, lakini mzigo uliendelea kuwa juu ya kichwa cha mpagazi. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 misheni ya Masasi iliteketezwa. Mwaka uliofuata Karl Weule alitoka Lindi kwa miguu, akakaa Masasi, Chingulungulu na Newala akichunguza desturi za wenyeji. Vyombo vyake vya kunasa sauti na picha za kwenda vilichukuliwa na wapagazi.

Thamani ya maji ilionekana wazi zaidi katika Vita Kuu ya Kwanza. Wareno walivuka Ruvuma wakalitwaa boma la Newala mwezi wa Oktoba 1916. Wadachi hawakuhitaji kulibomoa. Walishika mahali pa maji tu, na kabla ya Novemba kwisha Wareno waliliacha usiku wakarudi kwao. Mwaka mmoja baadaye Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe, aliyekuwa ameingia Tanga usiku kwa baisikeli mwaka 1914 kabla ya mapigano, alipita uwanda huo akirudi nyuma, akavuka Ruvuma kwa Ngomano akiwa na jeshi lililopungua sana. Wapagazi waliokufa katika vita hiyo ni wengi kuliko askari, na makaburi yao wengi wao hayajulikani.

Wakati wa Waingereza baisikeli ilikuwa kwanza chombo cha mwalimu, karani na padre. Ilikuwa dalili ya mshahara. Iliyoieneza kwa watu wengine ni korosho. Mkorosho hauogopi mchanga wala kiangazi, na baada ya Vita Kuu ya Pili uliigeuza Newala kuwa nchi ya fedha. Serikali nayo ilikuwa na mpango wake mkubwa: ule wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Reli ile ilifungwa katika miaka ya 1960, ikang'olewa. Baisikeli, ambayo haikupangiwa na mtu yeyote, ilibaki.

Katika miaka ya 1950 mitambo iliwekwa ili kuyapandisha maji kutoka mabondeni mpaka juu ya uwanda. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini mitambo huharibika, na palipo na bomba kavu dumu hurudi. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Baisikeli yenye kichukulio imara huchukua manne, mawili kila upande. Hapo pana jambo la kutazamwa. Maji yalipokuwa wajibu wa nyumbani yalikaa juu ya kichwa cha mwanamke. Yalipokuwa biashara yalipanda baisikeli, na mwenye baisikeli mara nyingi ni mwanamume. Chombo kilichoweza kumpunguzia mama mzigo kilikwenda kwanza penye faida. Yule asiyekuwa na fedha za kununua dumu bado alikwenda kwa miguu.

Tena ikaja amri ya kuhamia vijijini, kati ya mwaka 1973 na 1976. Watu wengi wa kusini walitengwa na mikorosho yao. Korosho za nchi nzima, zilizofika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, zilishuka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: bei, ugonjwa wa ukungu, na hesabu za vyama; lakini umbali ni mmoja wapo, maana mti usiopaliliwa humezwa na kichaka. Aliyekuwa na baisikeli aliweza kulala kijijini na kulima shambani kwake. Asiyekuwa nayo aliliacha shamba.

Leo daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, lauvuka Ruvuma upande ule ule wa Ngomano. Na kwa barabara ya kilometa 160 kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala mpaka Masasi, serikali ilikopa fedha kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika ili itiwe lami. Lami huondoa mchanga, nayo huleta malori yaendayo mbio. Mwenye madumu manne hawezi kukwepa upesi; akisikia honi nyuma yake hushuka kando, akaisukuma baisikeli mchangani mpaka lori lipite.