Namba P0325: usikimbilie kununua noki sensa mpya

Taa ya injini imewaka, gari limekuwa zito mlimani na linakula mafuta. Fundi anachomeka mashine, inasoma P0325. Wengi hapo hapo hutumwa dukani. Subiri kwanza.

Noki sensa hufungwa kwenye bloku ya injini, ikisikiliza mafuta yanapojilipukia ovyo ndani ya silinda. Ikisikia, kompyuta ya gari huchelewesha moto wa plagi. Mawasiliano yakikatika, kompyuta huuchelewesha kwa tahadhari tu, ndiyo maana nguvu inapungua.

Lakini P0325 inataja njia nzima ya umeme ya sensa, si sensa peke yake. Kagua waya: panya wameutafuna? Soketi ina maji au kutu? Halafu boliti. Ikilegea, au ikikazwa kupita kiasi, sensa husikia vibaya. Sensa nyingi bapa zenye tundu katikati hukazwa Nm 20 hivi.

Kwenye Harrier ya V6 yenye injini 1MZ-FE kuna kasheshe: sensa ni mbili, zimejificha chini ya manifoldi ya hewa. Ukishaifungua, badilisha na waya wake, usije ukarudia kazi ile ile.

Na kama injini inagonga kwa sauti ukikanyaga mafuta, angalia petroli na joto la injini kabla ya sensa.