Wakimbizi wa Sweetwaters

Kenya haina sokwe wa porini. Lakini ukifika karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, utawakuta sokwe mahali paitwapo Sweetwaters. Hao ni wageni, na waliletwa na vita.

Turudi Bujumbura. Miaka ya 1980 mtoto wa sokwe aliweza kukutwa mjini amefungwa uani au dukani, mali ya mtu mwenye uwezo. Na mtoto huyo hapatikani hivi hivi. Mama hamwachii mwanawe, kwa hiyo mwindaji humwua mama kwanza, na mara nyingi wenzake wanaokuja kumtetea. Mmoja wa watoto hao, Poco, alifungiwa kizimbani ili avutie wateja. Kizimba kilikuwa chembamba mno, ikambidi asimame wima, na alikaa humo miaka ipatayo tisa. Alipookolewa alikuwa amekwisha kuzoea kutembea kwa miguu miwili kama mimi na wewe. Watalii walikuwa wakimpiga picha. Mimi sioni cha kuchekesha hapo.

Taasisi ya Jane Goodall, yule mama wa Gombe kwetu Kigoma aliyefariki Oktoba 2025, ilikuwa na kituo Bujumbura cha kuwatunza waliookolewa. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na askari, nchi ikaingia vitani. Mwaka huo huo Sweetwaters ilifunguliwa kwa makubaliano ya taasisi hiyo, Shirika la Wanyamapori la Kenya na wenye Ol Pejeta. Yatima watatu wakahamishiwa huko, na wengine wakafuata mwaka 1995 na 1996.

Wapo wanaonung'unika: Warundi maelfu kwa maelfu walivuka kuja kwetu kwa miguu, watoto mgongoni, na sokwe wakatafutiwa makao? Swali ni la haki. Lakini sokwe hakumnyang'anya Mrundi blanketi, na binadamu ndiye aliyemtoa msituni. Atamrudisha nani, kama si binadamu?

Kumrudisha nako si kufungua mlango tu. Sisi Watanzania tunayo mfano. Kati ya 1966 na 1969 Mjerumani Bernhard Grzimek aliwaachia sokwe 17 kutoka Ulaya katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, bila mafunzo yoyote. Walijifunza kutafuta chakula na kutengeneza viota, wakazaana, na kizazi chao kipo hadi leo. Ila madume wawili walishambulia watu, wakapigwa risasi. Tena Rubondo hakukuwa na sokwe wenyeji. Kwenye msitu wenye wenyewe, dume mgeni huweza kuuawa na wenzake.

Basi wale wa Sweetwaters wanaishi ndani ya uzio wa umeme, makundi mawili yakitenganishwa na Mto Ewaso Nyiro. Majike hupewa dawa za kuzuia mimba, maana kila atakayezaliwa atakuwa wa kulishwa maisha yake yote, na sokwe aliyetunzwa vizuri anaweza kupita miaka 50. Mwaka 2020 corona ilipozuia watalii, fedha za viingilio zilikatika. Matunda na mboga vilinunuliwa vilevile kila siku.