Kigwena: Michikichi Ilibaki, Imani Ikavuka



Ukitoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, utapita Kigwena. Hapo kuna msitu mdogo wa asili, na pembeni yake michikichi. Wengi wetu tuna mizizi kwenye mwambao huu, hata kama leo unasoma ukiwa Kigoma, Tabora au Uvira. Hebu tuangalie pamoja watu walitafuta nini hapa, na ni nini kilibaki.

Zamani walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Ujiji ndiyo ilikuwa soko. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipita mwambao huu kwa mtumbwi wakitoka Ujiji, na jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, bado linawakumbusha watu safari ile. Biashara ile ilitajirisha wakubwa na kuwaliza wengi. Leo utajiri wao uko wapi? Hakuna hata anayeuliza.

Baadaye yakaja mawese. Mtu mwenye michikichi alikuwa mtu, si ndiyo? Alisomesha watoto, alioa, alijenga. Si vibaya. Lakini tarehe 29 Aprili 1972 vita vililipuka hapa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Waliuawa watu, kisha kisasi kikaenea nchi nzima, na watu wengi mno wakafa. Wengine makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania. Mchikichi haubebwi kichwani, ndugu yangu. Shamba la miaka ishirini liliachwa kwa usiku mmoja.

Sasa sikia walichobeba. Injili ya Kipentekoste ilikuwa imefika Kiremba, huko Bururi, mwaka 1935 kwa wamisionari wa Sweden. Waliookoka walivuka nayo. Kule Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuta pori, nyati na mbung'o. Walikata miti, wakalima, na wakajenga makanisa. Mtu aliyekuwa tajiri Rumonge na aliyekuwa kibarua wake walikaa benchi moja, wote wakiwa na jembe moja moja. Mhubiri naye alijenga nyumba, akapanda mizabibu, akakusanya fedha, na mwisho wa kitabu chake akaona jambo moja tu la kushika: kumcha Mungu. Wazee wetu hawakulisoma tu. Waliliishi.

Lakini tusiishie hapo, maana jaribu kubwa lilikuja wakati wa kurudi. Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000, na kuanzia 2008 baadhi ya wakimbizi wa 1972 walirudi Burundi. Wengine walibaki, na mwaka 2014 Tanzania ikaanza kuwapa vyeti vya uraia. Waliorudi walikuta mashamba mengine yamegawiwa watu, mengine yameingia kwenye michikichi ya serikali. Aliyekuwemo ana watoto waliozaliwa palepale. Aliyerudi anaonyesha kaburi la babu yake. Na Jumapili wote wawili wanaimba kwaya moja!

Hapa ndipo hofu ya Mungu inapimwa. Kumcha Mungu si kusema shamba si kitu. Mungu alimuuliza Ahabu habari za shamba la Nabothi, na hakumwambia Nabothi anyamaze. Kwa hiyo tusimwambie aliyepoteza asamehe tu, ili mwenzake aendelee kukamua mawese kwa raha. Na aliyerudi asimchukie mtu aliyepewa ardhi bila kujua ni ya nani. Mche Mungu kwanza, ndipo ukae na jirani kwenye mkeka. Semeni ukweli mbele ya wazee, gawaneni panapogawanyika. Panapoenda kwa wenye sheria, usinunue shahidi.

Mpendwa, wewe unashindania nini mwaka huu? Kiwanja? Cheo cha kanisa? Mtaji wa dagaa, au ndagala kama tunavyosema huku? Vitafute, ila visiwe maana ya maisha yako. Siku moja utavuka tena, na ng'ambo ile hakuna anayevuka na michikichi.

Ushirika wetu umetimiza miaka mingine kwa sababu wazee walivuka na Mungu. Tuwape watoto wetu mzigo huohuo.