Amri Nyingi, Kitufe Kimoja

Leo tuweke kando lugha za programu, tuangalie jinsi kibodi ilivyoingia katika uhariri wa sauti.

Zamani kipindi cha redio kilihaririwa kwa wembe. Kanda ya studio ilikimbia sentimita 38 kwa sekunde, kwa hivyo kikohozi cha nusu sekunde kilikuwa utepe wa sentimita 19. Fundi alitia alama kwa kalamu, akakata kwa mshazari ili maungio yasisikike, kisha akagandisha ncha mbili. Ukikosea, unainama kutafuta kipande sakafuni!

Kompyuta zilipoingia (Pro Tools ilitoka mwaka 1991), wembe ukageuka kipanya. Afadhali, ndiyo. Lakini kikohozi kimoja bado kilidai hatua nne: kata mwanzo, kata mwisho, futa, sogeza kilichobaki. Vikohozi mia, hatua mia nne.

Sisi waandishi wa programu dawa tulikuwa nayo tangu zamani. Mwaka 1976 pale MIT, Richard Stallman na Guy Steele walikusanya makro za kihariri TECO, wakapata Emacs. Makro ni amri kadhaa zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Kwenye sauti, naona aliyelitilia maanani kuliko wengi ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp. Aliondoka AOL mwaka 2004, na Desemba 2005 akatoa REAPER. Humo unabonyeza alama ya kuuliza, orodha ya amri inafunguka. Unazipanga kwa mfuatano, unazipa jina, unazipa kitufe. Zile hatua nne zinakuwa moja.

Ila kwangu kasi si jambo kubwa. Kipanya kinataka macho. Kitufe kinataka kidole tu. James Teh wa Australia, ambaye haoni, ni mmoja wa waundaji wa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Yeye ndiye aliyeandika OSARA, nyongeza ya bure inayokipasha kisoma skrini habari za REAPER: uko traki gani, umekata wapi. Leo fundi asiyeona anarekodi, anakata na kuchanganya muziki bila kugusa kipanya.

Unaweza kuijaribu REAPER bure kwa siku 60. Usiijaze kibodi yote siku moja. Anza na vile vikohozi.