KANSA ZA WATOTO, SEHEMU YA 4: Kuku, panya na watoto wa ziwa letu

Kuna swali naulizwa sana wodini mama akiona dripu inatundikwa: "Nesi, hii dawa isije ikawa mnamjaribia mwanangu?" Swali la haki kabisa. Leo nalijibu kwa historia, tena historia ya huku huku kwetu ziwani.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Haukupita muda akamwona mwingine, akaanza kufuatilia. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari karibu kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, mpaka Afrika Kusini. Wakaona uvimbe huu unapenda kwenye joto na mvua, kule kule kwenye malaria nyingi. Ndiyo maana sisi wa Ziwa Victoria tunaujua. Ni kansa, inaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London. Ukumbini alikuwemo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza kirusi cha kansa ya kuku, ambacho Peyton Rous alikigundua mwaka 1911. Akawaza: kama kwa kuku ni kirusi, kwa mtoto je? Akaomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakakiona kirusi, leo kinaitwa Epstein-Barr.

Na dawa je? Siklofosfamidi ilianzia Ujerumani, kwa panya wenye uvimbe. Vinkristini inatoka kwenye lile ua dogo la waridi lenye petali tano, linaota nje kwa watu wengi tu. Kanada walidhani ni dawa ya kisukari, wakawachoma panya. Sukari haikushuka! Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Hapo wakashtuka: hii inaweza kupiga kansa.

Ila panya si mtoto. Si kila kinachomponya panya kinamponya binadamu. Miaka ya 1960 mwanzoni, Burkitt akazitumia dawa hizi Uganda. Uvimbe wa watoto wengine uliyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi wakapona kabisa. Hao watoto wetu ni kati ya wa kwanza duniani kupona kansa kwa dawa peke yake.

Kwa hiyo mama, dripu hizo zina zaidi ya miaka 60. Dawa mpya ikija kujaribiwa, lazima uelezwe na ukubali mwenyewe kwa sahihi.

Kinachotuumiza ni kuchelewa. "Ni jino tu." "Karogwa." Mara chale, mara mizizi, na uvimbe huu hukua haraka, siku chache tu unaongezeka maradufu. Ukiona taya limevimba, meno yanalegea, jicho linatokeza au tumbo linajaa, usingoje. Nenda kituo cha afya, omba rufaa. Hapa Mwanza, Bugando wanatibu kansa za watoto.

Sehemu ya 5: kwa nini tunampima mtoto damu kabla ya dripu. Wale panya wa Kanada wameshakudokezea jibu. 😊