Mkono wa Mumbuti na mkono wangu

Niko Mambasa. Mwaka jana, wakati wa kupalilia kakao, nilichukua wafanyakazi wawili: mmoja wa kijijini, mwingine Mumbuti. Kazi ileile, saa zilezile. Jioni nikamlipa Mumbuti nusu. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi, lisansie mzima wa agronomia. Hapa kwetu watu wanasema tu: "Mukono yake iko ya namna ingine."

Ya namna ingine kivipi? Lile neno lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma. Nikakuta wenye digrii kubwa kuliko yangu walilisema zamani sana.

Mwaka 1884, Mfaransa Léo Testut alitoa kitabu kinene juu ya misuli isiyo ya kawaida kwa mwanadamu. Chukua bisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono unaovimba ukiinua ndoo. Jina lake maana yake ni vichwa viwili, lakini kuna watu wana vitatu. Testut alieleza mambo kama hayo kwa kulinganisha na wanyama. Kule Paris, Chudzinski alipasua maiti za watu weusi akiangalia misuli yao mmoja mmoja. Kazi yake juu ya misuli ya mbari za watu ilitoka mwaka 1898. Wengi wakati ule walitaka kujua jambo moja tu: nani yuko karibu zaidi na nyani?

Na pande zetu hazikusahauliwa. Emin Pasha alituma London mifupa ya Waaka wawili kutoka upande wa Uele, na Flower akaipima na kuieleza mwaka 1888. Mwaka 1905 James Harrison akapeleka Uingereza Bambuti sita wa Ituri, kina Bokane na Amuriape. Hao walikuwa wazima. Walionyeshwa jukwaani, watu wakalipa mlangoni kuwaangalia. Waliondoka Uingereza kurudi msituni mwaka 1907.

Basi kile kichwa cha tatu kimeonekana kwa Wazungu, kwa Wajapani, kwa Waafrika. Mara nyingi vitabu vinasema mtu 1 kati ya 10 hivi, na mwenyewe hana habari. Sisi wa agronomia tungepaswa kuelewa haraka: ingia shamba moja la mahindi ya kienyeji, uniambie kama mashina yote yanafanana.

Kuna msuli mwingine, wa chini ya kiwiko, huo hauhitaji kisu. Gusanisha kidole gumba na kidole kidogo, kisha kunja kifundo cha mkono: kano moja inasimama katikati. Kampala, hospitali ya Mulago, waliangalia watu 800. Matokeo yalitoka 2011. Watu 4.4 kwa 100 hawakuwa nayo, kwa mkono mmoja au yote miwili. Na hawakosi nguvu: waganga wa upasuaji huichukua kano hiyohiyo kutengeneza nyingine iliyokatika, mkono unaendelea na kazi.

Nilipompelekea yule baba nusu yake iliyobaki, nilimwomba aguse vidole hivyo. Kano ikasimama kama kamba, mikono yote miwili. Kwangu, kushoto, hakuna kitu.

Alicheka sana. Akahesabu pesa mara mbili, akasema: "Basi leo wewe njo utalipwa nusu."